Mwanangu, Usisaini

Mwanangu kipenzi,

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Juzi kwenye simu nilikusikia ulivyokuwa unahangaika kunielewa, na haya sitaki likupite hata neno moja.

Unasema bosi alikuita pembeni, akakwambia kwa upole kwamba tangu masikio yako yaanze kufifia wateja wanalalamika, basi uandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, atakupa mshahara wa mwezi mmoja. Usiandike, mama. Usisaini chochote.

Upole huo naujua. Vyerehani vipya vilipoletwa kiwandani kwetu, pedali ilikaa upande wa mguu wangu wa kushoto, huu uliopooza kwa polio. Fundi mmoja alilala chini ya meza na spana, akaisogeza mpaka chini ya mguu wa kulia. Dakika kumi tu. Miaka minne nikashona kola sawasawa na wenzangu. Mwaka 2013 akaja meneja mpya, idara yetu ikahamishiwa ghorofani. Nikaomba nibaki chini nikate nyuzi. Akaniita ofisini, akanipa soda, kisha karatasi iliyochapwa tayari: naacha kazi kwa hiari yangu. Nikasaini. Nilikuja kulia kituoni, nasubiri daladala.

Nilipopata akili ya kwenda kuuliza, miezi mitatu ilikuwa imepita. Nikaambiwa hukufukuzwa, umeacha mwenyewe, na hata ungefukuzwa, siku za kulalamika zimekwisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na inasema wazi kuwa ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ndiyo maana wanaitaka barua itoke mkononi mwako. Halafu kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 kati yao wawe watu wenye ulemavu. Ninyi mko 70 pale, kwa hiyo angalau wawili. Mwingine yuko wapi? Badala ya kumtafuta wa pili, wanakutoa wewe!

Sasa andika barua nyingine, ya kuomba wakurekebishie mazingira. Omba maagizo kwa ujumbe wa simu, omba meza iliyo mbali na jenereta, ukae ukimtazama mteja mdomoni. Ambatanisha majibu ya vipimo vya masikio. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa muhuri, mwombe aliyepokea aandike jina na tarehe. Na kila wanachokwambia kiandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Wakikufukuza, una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Ofisi za mikoani zipo. Malalamiko mengine ya kazi ni siku 60. Umeshafanya kazi miaka mitatu, kwa hiyo hawawezi kukwambia hujatimiza miezi sita ya kazi inayotakiwa ili ulalamikie kufukuzwa. Kama chama cha wafanyakazi kina tawi hapo, mwone mwakilishi wake kesho asubuhi, kabla hujamwona bosi.

Ukimaliza kuiandika nitumie picha niisome. Ijumaa napanda basi la alfajiri, nitakuja nikae kwako mpaka tujue mwisho wake.

Mama yako