Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, mliotoa figo, mliopokea na familia zenu, wabeja sana kwa kuja, japo nikitupa macho huko nyuma viti viko wazi tu na hilo nitalifikia.

Kazi za kawaida mnazijua sitawachosha. Tumekutana mara 4, tumetembelea wanaosafishwa damu pale hospitali ya Bugando, Mwanza, tumepimana presha Buzuruga, tumezika wenzetu 2 Mungu awarehemu. Hela iliyoingia ni 1,140,000, ada 504,000 na iliyobaki ni michango ya marafiki, tumetumia 985,000, anayetaka karatasi aende kwa mhazini.

Sasa lile jambo. Najua wengi mmekuja kwa ajili yake na limesemwa kwenye grupu kuliko nilivyoambiwa usoni. Mwezi wa 4 nilizuia laki 3 za chama zisiende kwa familia moja yenye mgonjwa wa figo mpaka nikae na mtoaji wao peke yake, bila mama, bila mjomba. Zikapita wiki 3. Nimeitwa katili, kuna aliyeandika kwamba nimemwacha mgonjwa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila akienda, kwa sababu ya umbea wangu. Hela ilitoka jamani, yote. Lakini nisemeje, kesho likitokea tena nafanya vile vile.

Mimi nilikuwepo kwenye harambee yao. Kijana wa miaka 23, ndiye huyo mtoaji, alisimamishwa mbele, MC akamshikisha maiki, vigelegele, mama mkubwa akamfunga kitenge begani kama bwana harusi. Nilikaa meza ya tatu nikawa namwangalia mikono. Alikuwa anachana kadi ya mchango vipande vidogo vidogo, mpaka ikaisha. Mtu wa hivyo atapata wapi nafasi ya kusema hapana, na ukumbi mzima umeshamshangilia?

Nilimfuata mwaloni Kirumba anakopakia magunia ya dagaa. Ameniruhusu niyaseme haya. Aliniambia, "Mama, mi sijasema sitaki, ila hakuna aliyeniuliza." Hakujua kwamba mtoaji naye anaweza kufa kwenye upasuaji, ni wachache sana, kama 3 katika kila 10,000, ila wapo. Hakujua kwamba anatakiwa apimwe presha, damu na mkojo kila mwaka hata kama hajisikii vibaya. Hakujua kwamba mwili wa dada yake unaweza kuikataa figo, na baadhi ya watoaji ambao zawadi yao imeshindikana wanabaki na huzuni nzito, hawalali, wanajilaumu wakati hawana kosa. Tuliongea mara 3 halafu akaenda kutoa kwa miguu yake, dada yake amekaa hapo. Wengine 2 nilioongea nao mwaka huu msiniulize walisema nini. Hata madaktari, mtoaji akiwaambia kwa siri kwamba hataki, mara nyingi familia inaambiwa tu kwamba hafai kutoa, basi, asije akachukiwa nyumbani.

Na hili sijalianzisha mimi. Kule Boston mwaka 1954, Ronald Herrick alipompa pacha wake Richard figo, ya kwanza duniani kufanikiwa, madaktari walihangaika sana na swali la kumpasua mtu asiyeumwa kitu. Usiku wa kuamkia operesheni mgonjwa mwenyewe alimwandikia pacha wake kikaratasi, ondoka urudi nyumbani. Ronald akajibu yupo na anabaki. Mgonjwa mwenyewe alimfungulia mlango! Sisi tunamfungulia nani? Na tangu Muhimbili waanze kupandikiza 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, safari ya India siyo lazima tena, tunashukuru, lakini kikao cha ukoo cha kuchagua mtoaji nacho kimekuwa cha haraka.

Mimi cha kwangu kilikuwa Igoma sebuleni. Mjomba alisema wewe huna mume, nani atakuzuia. Nilitoa na sijutii, kaka yangu ni mzima. Ila wodini hotipoti ya supu ya sato ilipita kitandani kwangu ikaenda kwake kila siku, na nilivyorudi nyumbani nikaanza kumchunga, chumvi, bia, dawa umemeza, namwita kwenye simu mara 3 kwa siku. Mwaka wa pili akaniambia, "Dada nakushukuru, ila sipumui." Nililia wiki nzima. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukishatoa imeshakuwa yake. Ndiyo maana nang'ang'ania haya mazungumzo, mnaosema natafuta sifa mnanionea.

Na yule aliyeuliza kwenye grupu figo inauzwa bei gani nilimtoa dakika ile ile, sitamrudisha.

Sasa mahudhurio. Tupo 58, mkutano wa mwezi wa 9 tulikuja 9, soda za watu 40 nilizirudisha dukani kwa boda, kwa hela yangu. Wa Sengerema zamani mlikuwa na kivuko cha kusingizia, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu mwezi wa 6, sasa mnanidanganya nini? Siku ya presha walikuja watoaji 14 tu, na wawili presha ilikuwa juu hawajui, yani ndugu zangu mmebaki na figo moja hiyo hiyo na hamuiangalii! Ada ni 2,000 kwa mwezi na waliolipa mwaka mzima ni 21, wengine 37 hamjaleta hata shilingi, na ndio mnaoandika meseji ndefu kuhusu laki 3.

Mwakani Mungu akijalia tunatamani tupate mwanasaikolojia wa kujitolea, hata mara moja kwa miezi kadhaa, na pengine chumba cha kuongelea, maana pale mwaloni kuna kelele. Tutaona.

Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha risiti, mpitie kwake kabla ya chai.