Zuhura, kuhusu hiyo kazi ya kuongea na wazee

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum, natumai baridi ya Birmingham haijakumaliza. Voisi yako, ile ya watafiti wa afya wanaotaka Jumamosi uongee na wazee wetu wa huku kuhusu utafiti wao, nimeisikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikaona bora nikuandikie manake kwa simu tutaishia kwenye umbea tu.

Hao waliokwambia eti wazee wetu hawafikiki usiwakubalie. Bili ya kaunsili inawafikia, barua za leseni ya tivii zinamfikia hata asiye na tivii, utafiti ndo ushindwe kupanda ngazi? Hakuna aliyewafuata, na aliyewafuata alikuja na rundo la karatasi za kizungu akataka saini siku hiyo hiyo.

Sasa hii ya saratani ya tezi dume. Hapa Uingereza mwanamume mweusi 1 kati ya 4 ataipata maishani, wengine ni 1 kati ya 8, ndo maana ule utafiti mkubwa wa TRANSFORM, wa kutafuta njia bora ya kuipima saratani hiyo, wanataka angalau mmoja kati ya kumi wanaoalikwa awe mweusi, na wetu wanaitwa kuanzia miaka 45 wakati wengine ni 50. Tatizo ni kwamba huwezi kwenda kujiandikisha mwenyewe, barua inakuja kupitia kliniki yako. Hebu fikiria mzee katoka zake msikitini anakuta bahasha, jina lake, umri wake, na wanajua ni mweusi, cha kwanza atauliza wamenipataje? Akimuuliza jirani mzungu wa rika lake naye hajapata, basi tayari, mumiani hao. Mimi naanzia hapo hapo kabla hawajaniuliza, nawaambia majina yanatoka kwenye orodha za kliniki, na hawachukui wanaojitolea manake watakuja wale wenye wasiwasi tayari na majibu yatapinda.

Alafu watakutajia Tuskegee, kama si mzee basi mwanawe aliyeiona TikTok. Tafadhali usiseme ni uvumi! Alabama, 1932 mpaka 1972, serikali ya Marekani yenyewe, wanaume weusi 399 wenye kaswende wakaambiwa wana damu mbaya wakaachwa bila tiba ili ionekane ugonjwa utawafikisha wapi, na penisilini ilikuwepo tangu miaka ya 40. Clinton kaja kuomba radhi 1997, wengi washazikwa. Na ukijifanya kusema hayo ya kale utaletewa Kano, Nigeria, ya 1996, watoto wenye homa ya uti wa mgongo wakapewa dawa ya kampuni ya Pfizer, wazazi wakasema hawakuelezwa kama ni majaribio, kampuni ikakana, lakini 2009 ikakubali kutoa dola milioni 75. Waache waseme yote, we mimina chai. Mtu aliyekatizwa hapo hakusikilizi tena.

Ukishawasikia ndo uwaambie utafiti siku hizi hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitishe, na mtu anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu na matibabu yake hayaguswi. Ila hizo bado ni ahadi za karatasi. Watataka kujua damu inakwenda wapi, inakaa miaka mingapi, nani anaigusa, na kama wewe hujui usibabaishe, mwite anayejua aje akae nao kwenye zulia, sio atume imeili.

Wazee wangu mimi ninaoongea nao kilichowagusa ni kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni, unakikumbuka wakati wa korona. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, na mwaka 2021 NHS wenyewe, huduma ya afya ya serikali ya huku, wakatoa tahadhari. Mzee mmoja akaniuliza, kwa hiyo waliponambia niko sawa nilikuwa sawa kweli? Sikuwa na la kumjibu, lakini ndo swali lililowafanya wakae mpaka isha wakiuliza dawa zao nyingine zilijaribiwa kwa nani.

Kwetu Kilifi unajua KEMRI, wale wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliitwa wanywa damu miaka na miaka. Walichofanya wakaweka wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, uvumi haukwisha wote lakini ukapata pa kupelekwa. Huku naona wanataka wewe peke yako uwe huyo mwakilishi, na hakuna aliyekuchagua ila wao.

Kwa hiyo kabla hujakubali hiyo Jumamosi waulize nani analipa nauli za wazee, nani atarudi kuwasomea majibu utafiti ukiisha hata kama ni miaka ijayo, na wewe unalipwa ngapi, manake wao wote wana mishahara alafu wewe unaahidiwa cheti cha shukrani. Wakikosa jibu, namba za simu za wazee usiwape.

Nisalimie mama na watoto,
Mwanajuma