Barua ya wazi kwa vijana wa Kariakoo: kaeni chini, mle chakula

Wanangu na wajukuu zangu, machinga, mawinga mnaowatafutia wenye maduka wateja, wenye fremu za maduka na mnaowauzia wenye fremu,

Salaam. Wengi wenu hunipa shikamoo mkiwa mbio, na marahaba yangu ikitoka nyie mmeshakata kona. Nimezikusanya nyingi, ndiyo maana leo naandika.

Juzi winga mmoja alinipita Mtaa wa Kongo. Simu moja ameibana kwa bega, ya pili anaandikia bei, chapati kaishika kwa meno. Chapati ikadondoka. Akaitazama kidogo, kama mtu anayeagana nayo, akaenda zake. Jioni nilimuuliza alikula nini tena. Akacheka. "Babu, leo mzigo umeingia."

Sitawaambia haraka haraka haina baraka. Mmeisikia tangu chekechea na bado mnakimbia, na sababu mnazo. Mwenye jengo anataka kodi ya miezi kwa mkupuo. Mkopo wa kausha damu una rejesho lake kila siku na haukuulizi kama umelala. Tena mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara ya saa 24 hapa kwetu. Siupingi, mteja wa kutoka Zambia au Kongo akifika usiku ahudumiwe. Ila lililoambiwa likeshe ni duka, na duka likikesha watu hupokezana. Naona wengine mmeamua kukesha nalo wenyewe, watoto nyumbani wanawajua kwa sauti ya simu.

Nayasema haya kwa sababu nimeyafanya. Fremu yangu ya khanga na vitenge niliifungua mwaka 1989. Mama watoto alikuwa akinipelekea chakula kwa hotipoti, wali na maharage, siku nyingine samaki wa nazi. Nilikula nimesimama, mkono mmoja kijiko, mwingine chenji. Siku moja hotipoti aliileta binti yetu wa darasa la tatu, na karatasi mkononi. "Baba, ona." Nikamwambia iweke hapo, nitaiona. Miezi ikapita. Siku ya kuhesabu mali nikainua jora la kitenge, nikaikuta chini yake: ripoti ya shule, amekuwa wa pili kati ya watoto 61. Nyuma yake kwa mwandiko wangu mwenyewe nimepigia hesabu ya madeni ya doti za khanga. Nilikwenda nayo nyumbani mbio kumpongeza. Akaniangalia tu, akasema, "Hiyo ya muhula uliopita, baba."

Jambo jingine linalonisumbua ni khanga zenyewe. Khanga ina pindo, ina mji, halafu ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Kina mama walikuwa wakifika dukani wanaanza kuyasoma. Huyu anamtafutia wifi yake dongo, yule anataka ya kumwombea mama yake heri. Wanasoma kwa sauti, wanacheka, wanabishana maana, nusu saa nzima. Nilikuwa nanuna. Nilitaka wachague, walipe, watoke. Leo biashara inapita kwenye simu: picha, bei, pesa imeingia, mzigo unapakiwa kwenye basi. Ni nzuri, inalipa, lakini nakumbuka vile vicheko kuliko nakumbuka faida ya siku yoyote ile. Raha ilikuwa mbele ya meza yangu, mimi naikunjia uso.

Na soko letu kubwa je? Lilifunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Nimepita chini yake nikibeba mizigo, nikidai, nikidaiwa. Lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, nilikwenda asubuhi kutazama, na ndipo kwa mara ya kwanza nikainua shingo kuyatazama vizuri yale mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli. Mazuri kweli. Kando yangu alikuwapo rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisema kila mwaka kwamba atapumzika mzigo ukiisha. Mzigo wake ulikuwa umeisha usiku ule. Hatukuzungumza.

Sasa, mzee mnataka atoe ushauri gani? Siwezi kuwaambia mkae wiki nzima ufukweni, nani atalipa rejesho. Nawaomba dakika 20 za mchana. Jirani wa fremu akuangalizie, nawe umwangalizie zamu yake. Kaa chini, nawa mikono, kula chakula kikiwa cha moto, simu iwe mfukoni. Mteja wa kweli atasubiri, na asiyesubiri angekuomba punguzo tu. Mwenye duka la saa 24 apange zamu, na aziheshimu hata yeye bosi. Usiku mmoja kwa wiki rudi nyumbani watoto hawajalala. Wale wa Simba na Yanga, siku ya mechi mnapata muda vizuri sana, kwa hiyo msinidanganye kwamba haupatikani.

Ukipigiwa kengele ya vikombe na muuza kahawa, simama. Kahawa chungu hainyweki kwa mbio, itakuunguza. Chukua na kashata.

Mimi baada ya alasiri nipo chini ya mwarobaini, nyuma ya fremu yangu ya zamani, kwenye benchi lile lenye mguu wa matofali. Kikombe cha kwanza nalipa mimi. Na wewe winga wa chapati, uliyejigamba tangu Ramadhani kwamba utakuja kunifunga drafti, vizibo vya soda nimeshavipanga. Mimi nachezea vilivyofunikwa.

Mzee wenu wa khanga.