Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uloto, Maabara na Watoto Wetu

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na vijana wetu mnaoishi na selimundu,

Mambo ya fedha atayasoma Mweka Hazina, na Katibu anayo orodha ya semina na kazi za matawi. Sitazirudia. Nafasi hii nimeiomba nijibu swali lililoniandama mwaka mzima, misibani, harusini, hata ndani ya daladala: "Mwenyekiti, ile tiba ya jeni itafika lini Tanzania?"

Swali lina msingi. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Seli shina za mgonjwa mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa damu, hutolewa, hupelekwa maabara, na swichi inayoiwasha jeni ya BCL11A, ile inayoizima himoglobini ya utotoni, ndani ya seli za damu huharibiwa kwa makusudi. Zikirudishwa mwilini, zinaanza tena kutengeneza ile himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haipindi chembe za damu. Na hapa tuna cha kujivunia: mwaka 2011 Profesa Julie Makani na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, na BCL11A ilikuwa miongoni mwa jeni zilizochunguzwa. Damu ya Watanzania imo katika elimu hiyo.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tusidanganyane. Kwa nchi ambayo watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, hiyo siyo habari ya kupangia bajeti ya familia.

Kamati yenu imeamua kufuatilia kwa karibu utafiti mwingine, wa kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, usio na kelele magazetini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kinachowakwamisha wengi wetu, ukiacha fedha, ni mtoaji. Kwa kawaida anatakiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, asiyeumwa selimundu, aliyelingana kabisa na mgonjwa kwenye vinasaba vya HLA, zile alama ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana. Wapo humu wenye watoto wengi na hakuna hata mmoja aliyelingana na mgonjwa. Wala tusidhani ughaibuni ndiko kwenye wokovu: kwenye daftari la watoaji la NMDP huko Marekani, mgonjwa mweusi ana uwezekano wa asilimia 29 hivi wa kumpata mtoaji aliyelingana naye kikamilifu, wakati mzungu ana asilimia 79.

Kizuizi hicho kimeanza kupasuliwa na panya wa maabara. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, watafiti akina Leo Luznik na Ephraim Fuchs waliishughulikia siklofosfamidi, dawa ya zamani inayojulikana vizuri kwenye wodi za saratani na iliyomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Ujanja uko kwenye siku ya kuitoa. Baada ya upandikizaji, askari wa kinga waliotoka kwa mtoaji huiona ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa kuwa ni vya adui, nao huanza kuzaliana kwa fujo. Dawa hutolewa siku ya 3 na ya 4, wakati hasa wanapozaliana, nayo huwaua hao wenye fujo na kuwaacha wengi wa wale waliotulia. Seli shina zenyewe zinasalimika kwa sababu zina kimeng'enya kingi kinachoivunja dawa hiyo. Kwa njia hii mama, baba, au ndugu aliyelingana nusu tu anaweza kutoa uloto.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa selimundu, yaliyotoka mwaka 2012, yalionyesha karibu nusu yao miili iliukataa uloto mpya. Uloto wa mgonjwa wa selimundu una nguvu na haukubali kuondoka kirahisi, na mwili uliokwisha kuongezewa damu ya watu wengi umejifunza kukataa vya wageni. Ikabidi maandalizi ya mgonjwa yabadilishwe, mionzi ikaongezwa na dawa ya thiotepa ikaingizwa. Katika matokeo yaliyochapishwa 2025 na Adetola Kassim, Robert Brodsky na wenzao, kati ya watu wazima 42 waliopandikizwa, asilimia 88 walifika miaka miwili wakiwa hai na uloto mpya ukifanya kazi. Bado kuna hatari ya maambukizi na ya kupoteza uzazi, na mzazi lazima aambiwe hayo kabla hajauza shamba.

Vijana waliniuliza pia kuhusu "gundi" inayosemwa kwamba inakuza seli shina maabara. Ni kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Tokyo na Stanford walionyesha kwamba polivinili alkoholi, kiungo kilekile cha gundi za shuleni, kikitumika badala ya albumini, protini ya damu, kwenye chakula cha seli, seli shina za panya huongezeka mara mamia. Za binadamu ni ngumu zaidi kuzikuza. Tusubiri.

Sasa mapendekezo, ambayo mtayapigia kura leo.

Mfuko wetu wa dharura utoe kipaumbele kwa gharama za kipimo cha HLA kwa ndugu na wazazi, mapema, kabla mtoto hajaongezewa damu mara nyingi. Familia isiyojua nani analingana na nani haiwezi hata kuanza mazungumzo na daktari.

La pili linatokana na malalamiko ya kituo kimoja, nisichokitaja, ambako wazazi walisainishwa fomu ya kutoa damu ya utafiti bila kuelezwa damu inakwenda wapi. Napendekeza tuchague wazazi wawili wa kuzisoma fomu hizo pamoja na wanachama. Sisemi tukatae, maana bila damu ya watoto wetu, dawa zitapimwa kwa watoto wa wengine. Ila tuulize, na tudai kurudishiwa majibu.

Na haidroksiyurea, dawa yetu ya kila siku ya selimundu, iendelee kumezwa. Atakayepandikizwa kesho lazima afike na figo nzima na ubongo mzima.

Majina ya wazazi wawili yapelekwe kwa Katibu kabla ya chakula cha mchana. Kura ni baada ya taarifa ya Mweka Hazina, na wanaodaiwa ada hawatapiga.