Wahitimu wetu hawana wa kumwuliza: wito wa harambee kutoka usharikani, Kirumba, Mwanza

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu washarika, majirani zetu wa Mwaloni, na ninyi watoto wetu mlioko Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo ambao mkiulizwa kwenu ni wapi bado mnajibu Kirumba.

Naandika kwa niaba ya Kamati ya Elimu ya usharika, lakini niruhusuni kwanza niseme kama mwalimu. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia katika shule ya kata. Kila Jumatatu mstarini nilikuwa nikiwaambia watoto: someni, elimu ndiyo itakayowatoa. Wakanisikia. Wakasoma wamebanana watatu kwenye dawati la wawili, wakafaulu, wakaenda kidato cha tano, wakapata mkopo, wakaingia chuo. Sasa nikishuka asubuhi kwenda sokoni nakutana nao. Mmoja ana shahada ya uhasibu, yuko kijiweni na bodaboda ya mtu, jioni anapeleka hesabu. Mwingine amesomea takwimu, ni deiwaka kwenye Hiace za Buhongwa. Wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa heshima ile ile ya darasani. Naitika marahaba, ila naitika kwa shida, kwa sababu ahadi niliyowapa mstarini haijatimia.

Sisemi kwamba bodaboda au Hiace ni kazi ya aibu. Imelisha nyumba nyingi za usharika huu, na sadaka zetu nyingi zimetoka huko. Ninachosema ni kwamba yule wa takwimu alisoma miaka mitatu chuoni kwa mkopo anaodaiwa mpaka leo, na alichosomea kimelala.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kwaya aliniita nyumbani kwake, juu kule kwenye mawe. Ni mama wa dagaa. Mnaojua biashara hiyo mnajua ada ya mtoto wake ililipwaje: dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa pwani na mfuko wa mama unakaa mtupu. Basi mtoto alikuwa akienda chuoni na nusu ya fedha, nyingine inamfuata giza likirudi. Binti alimaliza. Amesomea ununuzi na ugavi, na ana miaka mitatu nyumbani.

Mama akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya nailoni mbili ili isishike harufu. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, shahada yenyewe, na nakala zenye muhuri wa wakili, nyingine wino wake umeshafifia. Chini kabisa mlikuwa na barua ya maombi ya kazi. Binti alikuwa amechapiwa steshenari, na barua hiyo hiyo ameituma mara kumi na moja. Niliisoma mara mbili. Aya ya pili ilimtaja kuwa mhitimu wa uhusiano wa umma. Aliyechapa alichukua barua ya mteja mwingine, akabadilisha jina la juu na la chini, katikati akasahau. Mara zote kumi na moja barua imekwenda hivyo, na hakuna aliyemwambia.

Nilipogeuza ukurasa wa wasifu wake nikafika mahali pa wadhamini. Matangazo ya kazi za serikali hutaka wadhamini watatu wa kuaminika. Yeye alimwandika mama yake, kaka yake mvuvi wa Igombe, na balozi wa nyumba kumi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani mdhamini anatakiwa awe nani?" Alidhani ni kama mahakamani, mtu wa kukutoa ukishikwa. Nikamweleza kwamba ni mhadhiri aliyekufundisha, au msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, mtu anayeweza kuinua simu na kusema huyu namjua kazini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mhadhiri wangu alikuwa ananipenda. Sikujua naweza kumwomba."

Ndugu zangu, binti huyu hakukosa akili wala juhudi. Alikosa mtu wa kumwuliza. Mtoto aliyezaliwa nyumba ambayo baba ni mhasibu au shangazi ni afisa utumishi, mambo haya anayasikia mezani tangu utotoni: barua inaandikwaje, usaili unavaaje, mshahara ukiulizwa unajibuje. Wetu ndio wa kwanza katika ukoo kuvaa joho. Baba hawezi kumwambia asichokijua, na baba mwenyewe anaona aibu kuuliza.

Na wako wengi kwa sababu inayojulikana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ule wa MMES ulioanza mwaka 2004, ndio uliotuletea shule za kata. Wengi wetu hapa tulibeba mawe na mchanga kuzijenga. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Milango mitatu ikafunguka kwa mtoto wa mvuvi na wa mkulima wa pamba, naye akapita. Lango la kutoka chuoni kwenda kazini ndilo hatukulijenga, na sidhani kama serikali peke yake italijenga.

Jambo jingine limetuponyoka sisi wazazi. Siku ya mahafali tulipiga vigelegele, tukachinja, tukamvisha mtoto mashada ya maua, tukidhani amefika, kumbe kwa fani nyingi ndio kwanza yuko nusu ya njia. Aliyesoma uhasibu ana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, mbele yake kabla hajaitwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Huyu binti wa manunuzi anatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na mitihani ya bodi hiyo ina ada yake. Aliyesoma sheria hawi wakili mpaka apite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Mhandisi anatakiwa afanye kazi takriban miaka mitatu chini ya wahandisi waliosajiliwa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kamili. Nani kati yetu aliweka akiba kwa ajili ya hayo? Mimi mwalimu mwenyewe mengine nimeyajua mwaka huu, nilipoanza kuuliza.

Sitaki kumdanganya mtu yeyote kwamba tukichanga kila kijana atapata ofisi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, ikapokea maombi 135,027. Ni watu zaidi ya themanini kwa kiti kimoja. Kijana anayekaa nyumbani akisubiri tangazo la serikali tu anaweza kusubiri mpaka mvi. Kwa hiyo tunataka wawe na njia zaidi ya moja. Mwaloni kwetu kuna wafanyabiashara wanaopeleka dagaa Kongo, Rwanda na Burundi, na hesabu zao ziko kichwani au kwenye daftari lililolowa. Kuna SACCOS zinazotafuta mtu wa kuweka vitabu sawa. Kuna viwanda vya samaki, shule binafsi, zahanati, maghala. Wote hawa wanahitaji watu wenye taaluma, ila hawamwajiri wasiyemjua, na tangazo lao linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Uzoefu huo kijana ataupata wapi kama hakuna wa kumfungulia mlango wa kwanza?

Ndipo usharika unapoingia. Tumehesabu tukakuta katika viti vyetu vya kila Jumapili kuna wahasibu, wauguzi, mafundi mitambo, maafisa wa benki, mwanasheria na wenye maduka makubwa pale mjini. Watu hawa wanakaa mstari mmoja na vijana hawa, wanaimba kitabu kimoja, wakitoka nje kila mmoja anashika njia yake. Tunaomba kila mwenye taaluma awe mlezi wa kijana mmoja kwa miezi sita. Asome barua zake. Amfanyishe usaili wa majaribio, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, amwambie ukweli pale alipokosea. Hatumwombi mtu apindishe utaratibu wa ofisi yake wala aibe karatasi ya mtihani. Tunaomba afanye kile ambacho mjomba msomi angemfanyia mpwa wake mezani, basi.

Sambamba na ulezi, kila kijana atashikizwa mahali pa kazi kwa miezi mitatu. Baadhi ya wenye biashara na ofisi wameshakubali kuwapokea, hata ng'ambo ya ghuba. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kijana aliyeshikizwa Sengerema anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kupanga foleni ya kivuko. Wenye ofisi hawatalipa mshahara, na hapo ndipo vijana wengi huanguka. Tumewahi kumpeleka mmoja, akahudhuria wiki mbili, ya tatu akaacha. Mkuu wa ofisi akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Nilipomfuata nyumbani nikakuta alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Igoma mpaka mjini, anashinda na chai ya asubuhi. Aliona aibu kusema. Nauli ndiyo iliyomrudisha kijiweni.

Kwa hiyo fedha nyingi zitakwenda kwenye nauli na chakula cha mchana. Kundi la kwanza ni vijana 24, wa dini na madhehebu yote, mradi wawe wa kwanza katika nyumba yao kuhitimu chuo na wawe wakazi wa kata yetu au kata jirani. Kila mmoja atapata shilingi 5,000 kwa siku ya kazi, siku 22 kwa mwezi, miezi mitatu: hiyo ni 330,000 kwa kijana, jumla 7,920,000. Tutaweka mfuko wa 2,880,000 wa safari za usaili, maana anayeitwa Dodoma anahitaji basi, pa kulala na nguo iliyopigwa pasi. Ada za mitihani na usajili wa bodi tumezitengea 3,600,000. Kiasi kama hicho, 3,600,000, kitanunua kompyuta tatu, mashine ya kuskani na intaneti ya mwaka mzima katika chumba kidogo cha ukumbi, ili kijana aombe kazi kwa mkono wake mwenyewe, akae na mlezi wake pembeni, asitegemee tena barua ya kunakili. Yote pamoja ni shilingi 18,000,000. Ni 750,000 kwa kijana.

Wazee wa usharika na wanakamati tumeshatoa 2,350,000. Zimebaki 15,650,000.

Wengine mmeuliza kwa nini tusiwakopeshe, warudishe wakipata kazi. Tulilijadili hilo mpaka usiku. Vijana hawa tayari wana deni: siku wakipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kwenda Bodi ya Mikopo kabla hawajaigusa. Mimi nilisimama kidete tusiwaongezee deni la pili, na kamati ikakubali. Tunachowadai ni kimoja: kila atakayesimama atamlea mmoja wa kundi linalofuata.

Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara tu baada ya ibada ya pili, hapo hapo uwanjani. Bahasha zenye jina lako zinagawiwa na wazee wa mitaa kuanzia wiki hii, asiyepata aulize. Kutakuwa na mnada kama kawaida. Akina mama wa Mwaloni wameahidi magunia ya dagaa, na giza litakuwa limerudi, kwa hiyo tunategemea mzigo mzuri. Wa Ukerewe leteni machungwa. Mwenye jogoo alete jogoo. Mwenye ahadi aiandike, na aseme ataikamilisha lini. Mlioko mbali, namba ya malipo ya usharika mnayo, ni ile ile ya ujenzi; andikeni neno "wahitimu" ili mhazini asichanganye. Msimpe fedha mtu yeyote njiani, hata mimi mkinikuta. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa ibadani kila baada ya miezi mitatu na kubandikwa kwenye ubao, shilingi kwa shilingi.

Na wewe ambaye huna cha kutoa lakini una kazi ya taaluma, usibaki nyumbani siku hiyo. Kutakuwa na daftari la walezi. Tunahitaji majina 24, mpaka leo tunayo 15. Hasa tunatafuta mhandisi mmoja, mtu wa maabara, na mtu anayejua kilimo, kwa sababu vijana wa fani hizo wapo na hatujapata wa kuwashika mkono.

Meza ya stakabadhi itakuwa chini ya mwembe, upande wa lango kubwa. Atakayepokea bahasha yako, ahesabu mbele yako na kukuandikia stakabadhi ni yule binti wa manunuzi. Ameomba mwenyewe kazi hiyo, na daftari la mapato ameshalipiga mistari.