Koki Badilisha Mwenyewe, Waya wa Ukutani Mwachie Fundi

Kabla ya kushika spana, jiulize swali moja: nikikosea, kosa litaonekana? Koki iliyofungwa vibaya itadondosha maji mbele ya macho yako, na utaifunga upya jioni hiyohiyo. Waya uliounganishwa vibaya ndani ya ukuta utakaa kimya. Taa zitawaka kama kawaida, huku kiungo kikipata moto kila pasi inapowashwa. Kazi ya kwanza ni yako. Ya pili si yako, hata ukiwa na vifaa vizuri na Jumamosi nzima mbele yako.

Tuanze na maji. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina njia mbili: ya DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji) na ya simtanki. Mtu hufunga njia moja, akafungua koki, na maji ya njia ya pili yakamlowesha. Funga geti valvu zote mbili, kisha fungua bomba lililo chini kuliko yote mpaka maji yakome. Toa koki ya zamani kwa kuzungusha kinyume cha saa, usugue nyuzi za ukutani kwa mswaki uliochakaa. Nyuzi za koki mpya zizungushie tepu nyeupe mara 10 hadi 12, kufuata upande wa kukazia. Ukizungusha kinyume, tepu hujikunja na kutoka unapokaza. Kaza kwa mkono hadi igome, umalizie na spana taratibu mpaka mdomo wa koki uangalie chini.

Hapo kwenye kumalizia ndipo wengi wanapoharibu. Ndani ya ukuta kuna kiwiko cha PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto), na uzi wake wa shaba umepachikwa kwenye plastiki. Ukilazimisha, shaba huzunguka ndani ya plastiki na maji huanza kuvuja nyuma ya marumaru, usikoona. Ukihisi kilichomo ukutani kinazunguka pamoja na koki, acha. Acha pia koki ikikatika na kipande cha uzi kikabaki ndani, jambo linalotokea sana kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi. Fundi bomba ana kifaa cha kutolea kipande hicho bila kuumiza kiwiko. Kiwiko kikiwa kimeshaharibika, atatoa marumaru moja au mbili, akate na kuchomelea kingine. Mashine ya PPR huwekwa kwenye nyuzi joto 260 hivi. Bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5, la milimita 25 kwa sekunde 7. Muda ukizidi, plastiki inayeyukia ndani na kuziba njia. Ukipungua, kiungo kinashika juujuu, kisha kinaachia nyumba ikiwa imeshapakwa rangi.

Bili ya maji ikipanda bila sababu, usianze kwa kubomoa. Subiri simtanki lijae na boya lifunge, funga koki zote, halafu soma mita. Isome tena baada ya nusu saa. Kama imesogea, maji yanapotea kati ya mita na tangi, au boya lenyewe halifungi sawasawa. Mita ikitulia, funga maji yanayoingia tangini usiku, weka alama ya kina cha maji, uangalie asubuhi kabla mtu hajaoga. Tangi la mviringo lenye upana wa mita 1.1 likishuka sentimita 1, zimeondoka lita 9 na nusu. Mtuhumiwa wa kwanza huwa choo cha kuflashi. Mimina chai ya rangi iliyopoa kwenye tangi lake na usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikijitokeza kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa. Huo unabadilisha mwenyewe: nunua wa saizi ileile, nenda dukani na wa zamani mkononi. Choo kikiwa kizima na tangi bado linashuka, bomba la ndani ya ukuta au chini ya sakafu linavuja. Hilo sasa ni la fundi, na majibu ya vipimo hivi yatamwokolea nusu ya siku ya kutafuta.

Kwenye umeme mpaka uko karibu zaidi. Kubadilisha taa, sawa. Kusafisha feni baada ya kuzima mein swichi, sawa. Na kuna uchunguzi mmoja ambao sisi mafundi tunaomba kila mteja aufanye sakiti breka inapojikata: chomoa vifaa vyote kwenye soketi za upande huo, kisha irudishe mara moja tu. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kitakachoikata ndicho kibovu, na ukuta wako hauna kosa. Ikijikata wakati hakuna kilichochomekwa, tatizo liko kwenye waya, soketi au kiungo. Usiirudishe tena. Fundi atapima uzima wa ngozi ya waya kwa mashine ya volti 500. Testa ya bisibisi haiwezi kuonyesha hilo.

Kosa tunaloliogopa kuliko yote ni la kung'oa breka ya ampea 20 na kuweka ya 32 ili "isisumbue". Breka iko pale kulinda waya. Waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba ukibebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mrefu, hupata joto ndani ya plasta, ngozi yake inakauka na kupasuka, na breka kubwa inautazama tu. Mfano wa kila siku ni shawa ya umeme. Yenye wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Haipaswi kabisa kuchukua umeme kwenye soketi iliyo jirani. Inahitaji njia yake kutoka kwenye boksi la breka, waya mnene zaidi (kwa kawaida milimita 6 au 4 za mraba, kutegemea urefu na mahali unapopita), ethi (waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini) inayofanya kazi, na breka inayokata umeme unaovuja kwa miliampea 30. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, mwambie muuzaji kabla hujalipa. Zipo shawa ambazo waya wake wa joto unagusa maji moja kwa moja, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Mtu akihisi shoti ndogo anaposhika koki, zima mein swichi na usiruhusu mtu kuoga hadi ethi ipimwe. Mchanga mkavu una upinzani mkubwa, na kishikizo cha waya kwenye chuma cha ethi huliwa na kutu. Ethi ya mwaka ambao nyumba ilijengwa huenda leo ni waya tu uliochomekwa mchangani.

Rangi za waya zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa fezi (waya unaoleta umeme) na nyeusi kwa nyutro (waya unaourudisha). Za karibuni zina kahawia na bluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba ina zote, na wakati mwingine fundi alitumia waya aliokuwa nao. Mita ya LUKU na waya unaoingia kutoka nguzoni ni vya TANESCO, havifunguliwi na wewe wala na sisi. Fundi umeme yeyote unayemwita, mwombe leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Ukuta unaomenyuka rangi na kutoa unga mweupe kwa chini hautibiwi kwa rangi nyingine. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 kwa tepu pande zote, kikae siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani au chini. Plasta yenye chumvi inabidi ibanduliwe hadi juu ya alama ya unyevu, na chanzo kizibwe kwanza. Unyevu ukiwa nje ya nailoni, chumba kinakosa hewa, fungua madirisha.

Paa: kazi yako ni kutazama ukiwa chini na kupiga picha kabla ya masika. Bati la geji 30 hubonyea ukikanyaga mahali pasipo na mbao, na bonde hilo ndilo litakalovuja mwakani. Shimo la choo: usiingie, usimtume kijana aingie, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo huua, na ikizidi pua haiinusi tena.

Ukituita, tuma picha tatu: ya tatizo kwa karibu, ya chumba kizima, na ya geti valvu au boksi la breka likiwa wazi. Sema ulichojaribu, hata kama kiliharibika. Omba bei ya vifaa iandikwe mbali na ya ufundi, na vifaa vilivyotolewa uachiwe uvione. Bomba jipya likae na maji usiku mzima kabla ya plasta. Asubuhi, viungo vikiwa vikavu, weka futi ya kupimia ukutani na piga picha bomba na waya vilipopita, ili siku ya kutoboa tundu la televisheni ujue pa kukwepa.