Barua kwa Mwanangu: Ile Namba 213

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye somo la historia uliandika daftarini, "7 Agosti 1998, Nairobi, watu 213 walikufa," ukapiga mstari, ukaniuliza kama tuanze somo la hesabu. Hukukosea, ndivyo nilivyokufundisha. Watoto wengine wana mwalimu wa kuwasimamisha pamoja wanyamaze dakika moja. Wewe una mimi na meza ya jikoni. Nisipokuambia mimi, nani atakuambia?

Nianzie dirishani. Asubuhi hiyo ya Ijumaa, lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Walinzi wakakataa kulifungulia. Mmoja wa waliokuja nalo akarusha guruneti. Watu maofisini wakasikia mlio, wakafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: wakainuka, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Vioo viliwakuta wamesimama pale pale, na ndiyo maana wengi walipofuka. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani na lenye chuo cha makatibu, liliporomoka. Waliojeruhiwa walipita 4,000. Asubuhi hiyo hiyo ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam nao ukalipuliwa, wakafa watu 11.

Kati ya wale 213, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni Wakenya waliokuwa kazini, darasani, au wanapita njia tu.

Nyanya yako alikuwa mtaa wa pili. Alirudi jioni kwa miguu. Mimi nilikuwa na umri kama wako. Alitandika gazeti sakafuni, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaniambia nimchane nywele. Vioo vilidondoka gazetini vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Kila nikidhani nimemaliza, alipapasa utosini akasema, "Bado." Usiku ule sikumsikia akisema neno lingine. Wewe unadhani ni baridi inayomfanya akatae kiti cha dirishani kwenye matatu. Si baridi.

Kwa hiyo somo la wiki hii nimelibadilisha. Utamhoji nyanya. Usimuulize kama aliogopa. Hilo litamfunga mdomo. Muulize alipita njia gani kurudi, na alikuwa na nani. Muulize kuhusu foleni za watu waliojitokeza kutoa damu, na matatu zilizobeba majeruhi hadi hospitali. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimsukume, wala usiandike anapolia.

Picha za magazeti ya siku zile sitakuonyesha zote. Nyingine nimezificha makusudi, na ninakuambia wazi kwamba nimezificha ili usije ukadhani nimekudanganya. Ukikua kidogo utaniomba, tutazitazama pamoja.

Najua pia utauliza ni nani walifanya. Ni kundi la al-Qaeda. Walijificha nyuma ya dini, lakini kumbuka Waislamu walikuwa miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliolia. Ukimsikia mtu akiwatupia jirani zetu lawama ya siku ile, usicheke naye.

Tarehe 7 tutaenda kwenye bustani ya kumbukumbu, pale pale ubalozi ulipokuwa. Kuna ukuta wenye majina ya waliokufa. Sitaki uyahesabu. Chagua jina moja, lisome kwa sauti, liandike daftarini kwa herufi zako nzuri, chini ya ile namba. Mwaka ujao utachagua lingine. Mtu huyo alikuwa na mama, na pengine alikuwa na daftari kama lako. Hayo hatuyajui, na si lazima tuyabuni. Jina linatosha.

Nyanya amesema atakuja nasi. Hajawahi kukubali kabla ya leo. Tukipanda matatu, wewe kaa dirishani, yeye tumweke katikati.

Mzazi wako akupendaye.